MREJESHO: nyanya zangu zilizokuwa zinaoza kitako na utitiri haukomi

Wakuu, niliuliza hapa mbona napulizia dawa kila wiki ila utitiri unarudi tu na nyanya zinaoza kitako wakati mbolea naweka, mmoja akasema kapime maji ya kisima. Nimepima, EC (kipimo cha chumvi kwenye maji) imesoma 3.8! Nyanya inaanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikipita kama 2.5, sasa mimi namwagilia 3.8 na jua likikausha chumvi inabaki palepale inajilimbikiza. Nilipochungulia asubuhi kwenye tundu za dripu kuna duara jeupe kabisa, kingo za majani ya chini zimeungua kahawia.

Kumbe sodiamu ya kwenye hiyo chumvi inagombania njia na potasiamu na kalsiamu mizizini, kalsiamu haifiki ya kutosha kwenye tunda, ndo maana kitako kinaoza hata kama kalsiamu ipo udongoni. Na mmea wenye kiu kwa sababu ya chumvi utitiri unaufurahia, dawa peke yake haitoshi jamani.

Sasa nachanganya na maji ya mvua, namwagilia mengi kwa mpigo chumvi ishuke chini, nimeweka na jasi (gypsum) isaidie kuondoa sodiamu. Majani mapya yametoka safi, utitiri umepungua ila upo, matunda mapya bado nayaangalia. Asanteni sana, kweli mmeniokoa.