Kuita fanksheni ya PHP kwa jina lililo ndani ya kigeu: njia ipi ni bora?

Mwanzisha mada:
Wakuu, naomba tulinganishe. Nina ukurasa wa PHP unaopokea ombi kama `?kitendo=futa`, na neno hilo ndilo liamue fanksheni itakayoitwa, ili nisiandike mlolongo mrefu wa `if`. Wapo wanaoandika `$kitendo()`, wapo wanaotumia `call_user_func($kitendo)`, na wapo wanaotunga orodha yao. Tofauti iko wapi hasa?

Mjumbe wa kwanza:
Njia mbili za mwanzo zinakaribiana sana. Mimi huchagua `$kitendo()` kwa sababu ni fupi, na tangu PHP 5.6 ya mwaka 2014 unaweza kuipa vigezo vilivyo ndani ya arei (orodha ya thamani) kwa kuandika `$kitendo(...$vigezo)`, kazi ambayo awali ilihitaji `call_user_func_array`. Zaidi ya hayo, `call_user_func` haipitishi vigezo kwa rejeo (yaani hupitisha nakala, si kigeu chenyewe): ukiita `sort` kupitia kwayo utapata onyo, na arei yako itabaki bila kupangwa. Kwa upande mwingine, `echo`, `isset` na `unset` haziitiki kwa njia yoyote kati ya hizo, kwa kuwa si fanksheni bali ni sehemu ya lugha yenyewe.

Mjumbe wa pili:
Kuhusu vigezo nakubaliana na mkuu aliyetangulia, lakini hatari iliyomo katika swali ni kubwa kuliko tofauti hizo. Neno linatoka kwenye anwani ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika apendavyo. Akiweka `phpinfo` mahali pa `futa`, seva itaanika mipangilio yake hadharani, na kama unapitisha pia kigezo kinachotoka kwake, `system` itamwezesha kuendesha amri ndani ya seva yako. `function_exists` na `is_callable` hazikulindi, maana `system` ipo na inaitika. Kuorodhesha majina yaliyokatazwa nako hakufai: PHP haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya fanksheni, kwa hiyo `SyStem` itapita palipozuiwa `system`. Orodhesha yanayoruhusiwa tu, na neno lolote lililo nje ya orodha lijibiwe kwa 404 (ukurasa haupatikani):

`$vitendo = ['ongeza' => ongeza_bidhaa(...), 'futa' => futa_bidhaa(...)];`

Na jambo la kufuta lisipokelewe kupitia anwani hata kidogo. Litumwe kwa POST, ambayo hubeba data nje ya anwani.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana. Je, nukta tatu za `futa_bidhaa(...)` zitafanya kazi kwenye PHP 7.4? Seva ya mteja wangu bado iko hapo.

Mjumbe wa tatu:
Hapana, zilianza na PHP 8.1 ya mwaka 2021. Kwenye 7.4 andika `'futa' => 'futa_bidhaa'`; ulinzi ni uleule, ila ukikosea herufi moja hutagundua mpaka mtu aombe kitendo hicho, ilhali katika 8.1 kosa hujitokeza orodha inapoundwa. Ikiwa faili lako linatumia `namespace` (jina la kundi linalotangulia majina ya fanksheni), jina lililo ndani ya alama za nukuu halitaifuata, hivyo liandike kamili pamoja na `namespace` yake. Hata hivyo, mshauri mteja ahame: toleo la 7.4 liliacha kupokea marekebisho ya usalama mwezi Novemba 2022, na orodha yako, hata ikiwa safi namna gani, haiwezi kuziba mianya iliyo ndani ya PHP yenyewe.