Mrejesho: pampu ya kuoshea nanga na winchi yake, Kisumu

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini pampu ya kuoshea nanga kwenye boti yangu inazimika kila winchi, yaani mashine ya kuvuta mnyororo wa nanga, ikianza kuvuta. Mlioniambia nikague nyaya, asanteni sana, mlipatia. Betri iko tezi (nyuma ya boti), winchi iko omo (mbele), na zote mbili zilikuwa zikinyonya umeme kwenye waya mmoja mwembamba. Volti 12 zilipungua njiani. Sasa winchi ina kebo yake nene, yenye kikata umeme karibu na betri, na pampu ina waya na fyuzi yake. Kabla ya kuvuta nanga naiwasha injini kwanza, ili ichaji betri. Chujio nimeliweka kabla ya pampu, maana magugu maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, hayana huruma. Jana, nje kidogo ya Dunga, mnyororo ulipanda msafi kabisa, tope lote likabaki ziwani. Nimefurahi mno!