Nilimchorea mtu kuula (boksi la barafu) la zawadi kwa siri, sasa hataki kunimalizia hela. Nimdaije?

mchoraji_wa_mbali
Wakuu habari za asubuhi. Kwenu kumekucha, huku ni usiku wa manane na usingizi umenikataa. Naomba ushauri, matusi baadaye.

Niko Marekani, jimbo la Alabama, mwaka wa pili chuo. Kwa wasiojua, vyuo vya huku vina vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Vya wavulana ni fratiniti, vya wasichana sororiti. Kila mwaka wavulana wa fratiniti wanakodi hoteli, wengi wa huku wanakimbilia ufukweni Gulf Shores au Destin, wanakaa wikiendi nzima. Wanaita fomali. Kijana anamwalika binti, analipia chumba na usafiri. Binti naye haendi mikono mitupu. Anatakiwa ampelekee kuula, lile boksi la plastiki la barafu na vinywaji, akiwa amelichora mwenyewe pande zote mpaka mfuniko. Herufi za chama cha kijana, timu yake, mbwa wake, gari lake, bendera ya jimbo alikozaliwa, na utani wanaoujua wao wawili tu. Halafu analijaza vinywaji na vitafunwa. Huku Kusini ni mila kabisa, kuna mabinti wanakesha wiki tatu na boksi moja.

Sasa si wote waliojaliwa mkono. Mimi ninao, nimekulia Msasani kwa mjomba anayechora picha za mtindo wa Tingatinga. Binti mmoja ninayesoma naye akaona michoro kwenye daftari langu, akaniomba nimchoree kimyakimya. Tukakubaliana dola 200, akatanguliza 60. Nimechora, kachukua, kaenda nalo fomali, karudi. 140 zangu hatoi na simu hapokei. Nimdaije?

Kachumbari
Picha iko wapi?

Bishoo Mstaafu
Boksi la barafu laki tano? Kwa hela hiyo mimi nanunua boksi, barafu, na samaki wa kuweka ndani.

Nyumba Kumi
Mdogo wangu kimbia. Vyama vya siri, alama za Kigiriki, safari za usiku, zawadi lazima itengenezwe kwa mkono wako. Hao ni Freemason. Sinza tulikuwa na jirani alianza hivihivi, akaanza kuvaa pete kubwa, leo hata salamu hajibu.

Msomi wa Stendi
Nyumba Kumi, kila usichokielewa ni Freemason? Hivi vyama vinajulikana. Phi Beta Kappa ilianza 1776 kama klabu ya mijadala ya wanafunzi. Weusi wakaanzisha vya kwao, Alpha Phi Alpha 1906, Martin Luther King alikuwemo. Alpha Kappa Alpha ya wanawake ilizaliwa 1908 chuo cha Howard, Kamala Harris ni wao. Hata Nkrumah akisoma Marekani alijiunga na Phi Beta Sigma.

Nyumba Kumi
Na Nkrumah alipinduliwa. Sijasema kitu.

MamaWawili_Texas
Mwanangu pole. Mimi binti yangu wa kwanza yuko sororiti, kwa hiyo hayo mambo ya kuchorachora yanafanyika ndani ya nyumba yangu. Gundi kwenye zulia, unga wa kumetameta mpaka kwenye chungu cha pilau. Kwao mwanachama mpya anapangiwa mwanachama wa zamani awe dada yake mkubwa. Huyo dada anammwagia zawadi wiki nzima bila kujitaja jina, mpaka siku ya mwisho anajitokeza, wanalia wote. Kisha mdogo naye anatengeneza kasia la mbao, ananakshi herufi na majina, anampa dada yake atundike ukutani.

Siku naliona lile kasia mara ya kwanza nilimpigia simu baba yake nikitetemeka. Nilikuwa nimesoma kwamba zamani makasia yalitumika kuwachapa wanachama wapya, na unyanyasaji wa aina hiyo haujaisha, ndiyo maana Desemba 2024 Rais Biden alisaini sheria ya kuvilazimisha vyuo kuutolea taarifa. Kumbe la mwanangu ni pambo. Nikamkatia kipande cha kanga yangu kile chenye maandishi, "Wema hauozi", akakibandika katikati na gundi ya kung'arisha. Dada yake mkubwa, Mzungu wa Oklahoma, aliuliza maana yake akalia tena.

Hela yako mwombe kwa upole, mwanangu.

mchoraji_wa_mbali
Shikamoo mama. Nimeomba kwa upole mara nne.

Fundi Rangi Tandika
Dogo, mteja hagomi hivihivi. Miaka 19 nashika brashi, akikata hela kuna kitu kakiona. Rangi ilikaa?

mchoraji_wa_mbali
Kuna sehemu ndogo ilibanduka. Ila si hoja, kazi ameitumia.

Fundi Rangi Tandika
Sehemu gani?

mchoraji_wa_mbali
Kwenye mfuniko.

Fundi Rangi Tandika
Mfuniko ndiyo unaotazamwa. Upande gani wa mfuniko?

mchoraji_wa_mbali
Sawa. Wakiwa ufukweni rafiki wa kijana katoka kuogelea, kaptula imelowa, kakalia kuula. Aliponyanyuka herufi mbili za chama zikaondoka naye, zimeganda nyuma ya kaptula. Wakampiga picha. Ndiyo binti anasema nimemwaibisha.

Kachumbari
HIYO picha sasa ndiyo naitaka 😂😂😂

Wa Kangemi
Wueh. Jamaa alitembea na herufi matakoni kama mwanachama wa kudumu.

Fundi Rangi Tandika
Nilijua. Plastiki ya kuula ina utelezi, rangi haina pa kung'ang'ania. Unapiga msasa boksi zima, siyo ile nembo ya kampuni peke yake. Palipochongwa nembo unajaza puti, unasawazisha tena. Unafuta vumbi, unapiga praima ya plastiki, unaacha ikauke kweli. Ndipo uje na akriliki zako. Juu unafunga kwa vanishi, mikono mitatu minne myembamba, na kila mkono unausubiri. Wewe ulifanyaje?

mchoraji_wa_mbali
Msasa nilipiga kwenye nembo tu. Mjomba hapigi msasa, rangi zake zinashika zenyewe. Vanishi nilipiga Jumatano usiku, Alhamisi asubuhi akaja kulichukua. Kosa lake, alinipa siku nne badala ya wiki tatu.

Fundi Rangi Tandika
Mjomba wako anapaka hadibodi. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza 1968 na rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na hadibodi inakunywa rangi. Plastiki hainywi. Usimsingizie marehemu wala mjomba. Na siku nne ulizikubali mwenyewe.

Mlokole wa Mabibo
Mimi nauliza jambo moja tu. Ndani ya boksi kulikuwa na nini? Maana huko umri wa kunywa ni miaka 21 tangu sheria ya 1984, na hawa ni watoto wa mwaka wa pili.

mchoraji_wa_mbali
Mimi nachora nje. Cha ndani hakinihusu.

Baridi_Kali_Minnesota
Hapo kwenye "mimi nachora". Bwana mdogo, umekuja na viza gani?

mchoraji_wa_mbali
Hilo halihusiani na mada.

Baridi_Kali_Minnesota
Linahusiana kuliko praima. Kama ni F-1, ile ya wanafunzi, ruhusa yako ni kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kuuza michoro kwa malipo bila kibali ni kazi isiyoruhusiwa, inaweza kukuvua hadhi ya uanafunzi. Unadai 140, unaweka rehani digrii. Umechora mangapi?

mchoraji_wa_mbali
F-1, ndiyo. Hili lilikuwa la saba. Lakini mkuu hii si kazi, ni kusaidiana, wao wananipa shukrani. Hata hivyo meseji nimeshatuma.

Baridi_Kali_Minnesota
Meseji gani?

mchoraji_wa_mbali
Nimemwambia asipolipa mpaka Ijumaa namwonyesha kijana wake picha za hatua zote za kuchora, ajue hakushika brashi hata mara moja. Msiniangalie vibaya. Yeye ndiye aliyedanganya. Thamani yote ya ile zawadi ni kwamba msichana kaichora mwenyewe, ndiyo maana alinilipa ninyamaze. Nimemdai kwa njia anayoielewa.

Wa Kangemi
Ndugu, hapo si kudai tena. Unamtishia mtu kwa siri yake ndiyo akupe pesa, na umeandika na jina lako chini. Akipeleka hiyo meseji kwa polisi wa chuo, utaeleza kuula ukiwa upande gani wa meza?

MamaWawili_Texas
Mwanangu, umenisikitisha. Futa hiyo meseji, omba radhi, mrudishie 60 zake. Kazi iliharibika.

mchoraji_wa_mbali
Mama, 60 ziliishia kwenye rangi na kalamu.

Mpekuzi Mkuu
Samahani kwa kuwakatisha. Nimepitia nyuzi za huyu bwana. Mwaka juzi ID hii hii ilikuwa inauliza vifaranga vinakufa Chanika, apewe dawa gani. Leo yuko Alabama anachora mbwa wa Wazungu? Herufi zimeganda kwenye kaptula? Wakuu, tunanyweshwa chai, tena ya maziwa.

Bishoo Mstaafu
Nilianza kuona tangawizi toka ile laki tano.

mchoraji_wa_mbali
Nilifuga, ndiyo. Kuku 300. Mlidhani viza nimelipiwa na nani? Ada ya SEVIS, ule mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, ubalozini 185, vyote vimetoka kwenye mayai. Ufadhili wa chuo haulipi hizo.

Mpekuzi Mkuu
Vifaranga si vilikufa?

mchoraji_wa_mbali
Walikufa 80. Ugonjwa wa mideri. Waliobaki nikachanja.

Mkulima wa Kitunda
Chanjo uliweka kwenye maji au matone ya macho? Na uliwanyima maji saa ngapi kabla? Maana mimi ya maji imenifelisha mara mbili.

mchoraji_wa_mbali
Maji. Niliwanyima kama saa mbili, maji ya kisima siyo ya bomba, dawa ya bomba inaua chanjo.

Mkulima wa Kitunda
Huyu ni mfugaji kweli. Mwacheni.

Fundi Rangi Tandika
Na mimi nasema si chai. Mtunzi angejisifu rangi ilishika. Hakuna anayetunga uongo wa kujidhalilisha kwenye vanishi.

Mpekuzi Mkuu
Kuku nakubali. Kaptula bado.

mchoraji_wa_mbali
Wakuu mrejesho. Nimefuta ile meseji na nimemwandikia nyingine, nimemwomba radhi kwa mfuniko, nikamwambia alete kuula nilipige msasa upya bure. Hajajibu, ila dakika kumi zilizopita katuma dola 70 kwa Venmo, programu ya huku ya kutumiana hela. Nadhani yameisha.

MamaWawili_Texas
Alhamdulillah. Zirudishe.

mchoraji_wa_mbali
Mama, 70 tu jamani.

Baridi_Kali_Minnesota
Venmo inamtaka anayetuma aandike maelezo. Kaandika nini?

mchoraji_wa_mbali
"Kuchora kuula la fomali", na kipicha cha brashi.

Baridi_Kali_Minnesota
Na hayo maelezo umeyafunga, au yanasomwa na kila mtu? Usipogusa mipangilio yanaweza kuwa wazi. Na wale sita wa kwanza walilipa wapi?

mchoraji_wa_mbali
Ngoja niangalie.

Mkulima wa Kitunda
Akirudi mwambieni nimemtumia ujumbe wa faragha kuhusu ile mideri.

Kachumbari
Na picha.