MREJESHO: Ada ya forodha kwenye vyerehani vyangu

Wakuu, niliuliza kwa nini wakala wangu alidai ada ya forodha wakati vyerehani vya karakana nilivyoagiza China havina ushuru. Dada mmoja alinishauri: usibishane naye, mwombe karatasi ya tathmini, yaani ile ya forodha inayoorodhesha kodi na ada za mzigo. Asante sana, dada.

Nimeipata na nimeikagua mstari kwa mstari. Ushuru wa forodha ni asilimia 0 kweli, lakini chini yake kuna ada ya uchakataji wa forodha, asilimia 0.6 ya thamani ya FOB, yaani bei ya mzigo kabla ya nauli ya meli na bima. Kwa mzigo wa milioni 10 ni shilingi 60,000 tu. Wakala alikuwa ameijumlisha na ujira wake kwenye mstari mmoja, "gharama za serikali". Hilo limeniudhi mno. Mtu anayeanza biashara atajuaje kipi ni cha serikali?

Ada hii nimeilipa mwenyewe benki kwa kumbukumbu namba. Ujira wa wakala tumeupatana upya, na mzigo umeshatoka bandarini, uko Kariakoo. Mkiagiza, dai tathmini kabla ya kutoa hata senti.