Tofali za pumisi zinapukutika, majivu ya pumba yamekosea wapi?

MjenziUyole: Wakuu, nafyatua tofali za inchi 6 kwa pumisi (jiwe jepesi la volkano) ya Rungwe ili kuta za ghorofani ziwe nyepesi. Kwenye kila kilo 50 za saruji natoa 10, naweka kilo 10 za majivu ya pumba za mpunga kutoka tanuri la tofali za kuchoma. Saruji ni CEM II/B-P 32.5. Siku 28 zimepita, kingo zinapukutika kwa kidole. Msaada.

Pozolana: Mkuu, itazame hiyo P. Maana yake ni pozolana, yaani unga unaoganda ukipata chokaa na maji: asilimia 21 hadi 35 ya saruji hiyo tayari si klinka, kile kiungo kikuu kinachoigandisha. Majivu hayagandi yenyewe. Silika yake inangoja chokaa inayotolewa na klinka ikishakutana na maji. Umepunguza klinka, ukaongeza walaji wa chokaa. Tafuta CEM I 42.5, saruji ya karibu klinka tupu na yenye nguvu zaidi, anza na kilo 5 za majivu kwa kilo 45 za saruji.

Na majivu ya tanuri siyaamini kabisa. Yakiwa meusi yana kaboni, yanakunywa maji. Yakipata moto mkali mno, silika inageuka fuwele na kuwa mvivu. Choma pumba peke yake, nyuzi 500 hadi 700, kisha saga mpaka yawe laini kama saruji. Yasiposagwa ni vumbi tu.

MpimaZege: Kabla ya kununua chochote, vunja tofali moja uangalie ndani. Punje za pumisi zikikatika, jiwe lenyewe ndilo limefika mwisho. Hapo majivu hayasaidii, badili sehemu ya pumisi ya punje ndogo kwa mchanga wa mtoni, ukikubali uzito kuongezeka. Punje zikichomoka nzima, uji wa saruji ni dhaifu.

MjenziUyole: Zimechomoka nzima. Pumisi naichanganya ikiwa kavu.

MpimaZege: Basi una makosa mawili: saruji na majivu kama alivyosema Pozolana, na pumisi kavu. Pumisi kavu inanyonya maji ya saruji, mchanganyiko unakauka mikononi, fundi anaongeza maji bila kipimo. Loweka saa 24, ichuje mpaka iache kuchuruzika, ndipo upime maji ya kuchanganyia. Usishindilie kwa nguvu kupita kiasi, punje zitapasuka. Funika tofali kwa magunia, mwagilia siku 14 bila kuruka. Majivu hufanya kazi polepole na yakikosa unyevu yanaishia hapo. Pima siku ya 28, pima tena ya 56.