Kidonda kilipona chenyewe, sasa nina madoa viganjani: je, bado ninahitaji kupimwa?

Swali – Dereva, Pasua, Moshi

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni dereva wa lori, nina mke mwenye ujauzito wa miezi sita. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, nikiwa safarini, nililala na mwanamke mwingine bila kondomu, na baada ya wiki kama tatu nikaona kidonda kimoja kwenye uume, kigumu pembezoni, ambacho hakikuuma hata nilipokigusa. Kwa kuwa hakikuuma sikwenda hospitali. Nilinunua vidonge duka la dawa, nikavimeza siku tatu, kidonda kikafunga, nami nikamshukuru Mungu.

Sasa ni mwezi wa sita, na viganja vyangu pamoja na nyayo vimetoka madoa mekundu yaliyofifia, yasiyowasha. Nilidhani ni oili ya gari, lakini nyayo haziguswi na oili. Mke wangu alipimwa kliniki mwezi wa pili akaambiwa hana tatizo, na jibu hilo ndilo limekuwa likinipa moyo. Je, kuna haja ya kupimwa wakati kidonda kimeshapona?

Jibu – Muuguzi mstaafu, Arusha

Ndugu yangu, nenda kesho asubuhi, na usiende peke yako. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini kidonda kisichouma kinachofuatiwa na madoa ya viganjani na nyayoni ni mambo yanayotufanya tuifikirie kaswende kabla ya kitu kingine chochote. Kidonda chake hufunga chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita, uwe umemeza dawa au hukumeza, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu vimelea havijatoka mwilini bali vimeingia kwenye damu. Madoa hayo nayo yatapotea. Ukinyamaza tena, ugonjwa unaweza kukaa kimya kwa miaka, halafu ukajitokeza kwenye moyo, ubongo au macho.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni ujauzito. Kipimo cha mwezi wa pili kilikuwa cha kweli kwa mwezi wa pili tu, nawe uliingia hatarini mwezi wa tatu, kwa hiyo jibu lile halimlindi mkeo wala halikulindi wewe. Kaswende hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na inaweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au kuzaliwa akiwa mgonjwa. Miezi sita bado kuna nafasi nzuri ya kumtibu mama na mtoto kwa pamoja, ila kila wiki inayopita inaipunguza.

Kipimo cha awali ni tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Ikithibitika, tiba ni sindano ya penisilini inayochomwa kwenye msuli wa tako, na katika hatua za mwanzo huwa inatosha mara moja. Mweleze mtoa huduma kama umewahi kudhurika na penisilini, na usishtuke ukipata homa siku ile ya kwanza, kwani hutokea. Mwombe akupime na VVU pia, maana kidonda cha aina hiyo hurahisisha maambukizi. Hadi nyote wawili mtakapotibiwa na kuruhusiwa, msikutane kimwili.

Jibu – Fundi magari, Arusha

Naomba niongeze la kwangu. Mimi nilitoka usaha na mkojo ukaniunguza, nikamaliza shida kwa vidonge vya dukani kama wewe, na sikumwambia mke wangu kwa aibu. Yeye hakuwa na dalili hata moja, na baadaye nilijifunza kuwa kisonono na klamidia, magonjwa mengine ya zinaa, kwa wanawake wengi huwa hivyo. Alipoanza kuumwa chini ya kitovu, mirija yake ya uzazi ilikuwa imeshaathirika. Tuna miaka minne tunatafuta mtoto wa pili.

Jibu – Mama wa watoto watatu, Kiborloni

Kaka, mkeo ataumia kusikia, na ana haki ya kuumia. Hata hivyo nakuomba umwambie wewe mwenyewe, nyumbani, kabla hamjafika kliniki, asije akalisikia jambo hili mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Usimwambie kwamba ni UTI. Mimi nilidanganywa hivyo, na uongo ule uliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Ukishindwa kabisa kuanza, mtoa huduma anaweza kukusaidia kuzungumza naye, mradi asiachwe bila kutibiwa.

Dereva, Pasua

Nawashukuru sana. Nilimweleza juzi usiku. Alilia, kisha akanyamaza hadi alfajiri, halafu akaniuliza tutaondoka saa ngapi. Sote wawili tumekutwa na kaswende, na VVU hatuna kwa sasa, ingawa mimi nimetakiwa kurudia kipimo. Tumechomwa sindano jana. Muuguzi ameandika tarehe ya kurudi kwenye kadi ya kliniki ya mke wangu, na safari yangu ya wiki hiyo nimeiomba ihamishwe.