Tupeane uzoefu: Uliyepunguza vifaa vya kamera, picha zilikuwaje?

Wakuu, swali humu ni lile lile kila siku: ninunue lenzi gani nyingine? Leo tuligeuze. Uliacha nini, na picha zikawaje?

Naanza mimi. Riziki yangu ni sendofu na kicheni pati hapa Dar. Nimebaki na lenzi moja, 50mm f/1.8, kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon ya kawaida. Taa za ukumbi zikipunguzwa keki iingie, ile 18-55 inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho inakomea f/5.6, na namba ya f ikiwa kubwa mwanga unaoingia ni mdogo. Hii 50mm inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, kwa hiyo flashi inabaki begini na uso wa bibi harusi haung'ai kama sahani. Haina zumu, natumia miguu. Na kwa kuwa kwenye bodi hizi zenye sensa (sehemu inayopokea mwanga) ndogo inaona eneo finyu kama 80mm, nimezoea kuwahi nafasi yangu kabla keki haijafika mezani.

Mpwani
Hiyo 50 Mji wa Kale Mombasa itakutesa. Vichochoro vyembamba, ukirudi nyuma mgongo uko ukutani. Mimi ni 24mm f/2.8, ile bapa inayochukua eneo pana. Nikitembea na begi kubwa naulizwa natoka gazeti gani. Na hii hakuna anayeshtuka. Nachagua mlango wa nakshi, nangoja mtu apite.

Fundi Picha
Kwa harusi msidanganyane. Lenzi moja sawa, bodi moja hapana. Ikizima wakati wa pete, nani atarudia kuvishana kwa ajili yako? Nilichopunguza mimi ni kuhangaika na vitufe: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) otomatiki, kikomo 3200, shata (kasi ya kupiga picha) haishuki chini ya 1/125 ya sekunde. Watu wakianza kucheza napandisha 1/250, basi.

Mzee wa Mbugani
Sisi wa Serengeti hamtutaki? Simba yuko mbali na gari haliruhusiwi kuacha njia. Na 50mm utapiga nyasi. Nina lenzi ya 100-400 ya kuvuta mbali, mandhari napiga kwa simu. Kubadilisha lenzi garini kiangazi ni kukaribisha vumbi kwenye sensa.

Mgeni
Mimi nina simu tu wakuu, naruhusiwa?

Fundi Picha
Karibu sana. Usivute kwa vidole, mara nyingi inakata picha tu, sogea. Na ifute hiyo kamera, itakuwa na mafuta ya chipsi.